Mbwa Aletaye Mawindo

Katika vijiji vyetu mbwa wa kuwinda husifiwa kwa mbio na kwa meno yake. Humfukuza mnyama, humzuia, humshika, na mwenye mkuki hufika nyuma yake akihema. Lakini huko Uingereza na Scotland yuko mbwa wa namna nyingine, ambaye kazi yake huanza mawindo yakiisha kuanguka. Huketi kimya kando ya bwana wake, bunduki zikilia na ndege wakianguka huku na huku, naye hutazama tu, habweki wala haondoki. Akiambiwa "Nenda", ndipo huenda. Humtafuta ndege katika miiba, au katika matete, au katika maji yaliyo karibu kuganda, humwokota kwa kinywa laini pasipo kumvunja mfupa, humleta mpaka mkononi. Waingereza humwita ritriva, maana yake mletaji. Twataka kueleza alikotoka mbwa huyu na jinsi watu walivyojifunza kumfundisha, maana katika habari zake zimo sheria za wakubwa na taabu za wadogo, tena yamo mabishano ya zamani juu ya fimbo, ambayo sisi tulio waalimu yatupasa kuyasikiliza.

Twaanza katika kisiwa cha Newfoundland, kilicho mashariki ya Kanada katika bahari ya Atlantiki, mahali pa ukungu mwingi na baridi kali. Tangu karne ya 16 watu wa Ulaya walikwenda huko kuvua chewa wa bahari ya baridi, wakawatia chumvi na kuwaanika, wakawapeleka kuuzwa mbali. Wale waliobaki kukaa kisiwani walikuwa maskini, wengi wametoka kusini-magharibi ya Uingereza na nchi ya Ireland. Nao walikuwa na mbwa wa kadiri, mweusi, mwenye nywele fupi zilizosongamana, na mara nyingi alama nyeupe kifuani na miguuni. Aliitwa mbwa wa St. John's, kwa jina la mji mkuu wa kisiwa. Mbwa huyu alikwenda na wavuvi mashuani. Samaki akichomoka katika ndoana karibu na mashua, mbwa aliruka majini akamkamata. Kamba ikitakiwa kufika pwani au katika mashua nyingine, aliishika kinywani akaogelea nayo. Na wakati wa baridi watu walipowapiga ndege wa baharini ili wapate kitoweo, yeye ndiye aliyewafuata ndege hao katikati ya vipande vya barafu.

Wavuvi hawakupenda mbwa wa nywele ndefu, kwa sababu nywele ndefu hushika maji, na maji yakiganda mbwa huwa kama amefungwa mawe mwilini. Huyu wa nywele fupi ana nywele za namna mbili: za juu ni ngumu na zina mafuta, na za chini ni laini na nzito, hata maji hayafiki upesi kwenye ngozi. Akitoka majini hujitikisa mara mbili tatu, naye yu tayari kurudi. Basi shule yake ya kwanza ilikuwa mashua ya mvuvi, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mtu asiyejua kusoma. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana baadaye vitabu vingi viliandikwa juu ya mbwa huyu, na katika vingi vyao mvuvi hana nafasi.

Meli za bandari ya Poole, kusini ya Uingereza, zilikuwa zikienda Newfoundland na kurudi na samaki, na mabaharia walileta mbwa pamoja na shehena. Karibu na Poole palikuwa na nyumba ya kabaila mmoja, Lord Malmesbury, mwenye mabwawa na nyika za maji zilizojaa bata wa mwitu. Mwanzoni mwa karne ya 19 alianza kununua mbwa hao kwa ajili ya uwindaji wake, na jamaa yake wakaendelea kuwazalisha bila kuwachanganya ovyo. Wakati huo huo Kanali Peter Hawker, askari aliyejeruhiwa vitani Hispania mwaka 1809, aliandika kitabu cha kuwafundisha vijana uwindaji, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1814 na kuchapishwa tena mara nyingi. Hawker alikuwa mtu wa kulala katika mashua usiku wa baridi akingoja bata, naye aliwasifu mno mbwa wa St. John's kwa mbio, kwa kuogelea na kwa kunusa. Jina la Labrador walilopewa baadaye ni la nchi nyingine, ng'ambo ya mlango wa bahari, wala si la kisiwa walikotoka. Lakini jina likiisha kushika halibanduki.

Watoto wawili wa mbwa hao walifika Marekani kwa ajali. Mwaka 1807 meli moja ya Kiingereza iliyokuwa ikitoka Newfoundland iliharibika baharini karibu na pwani ya Maryland. Meli ya Kimarekani iitwayo Canton ikawaokoa mabaharia, na pamoja nao watoto wawili wa mbwa, dume mwekundu na jike mweusi. Dume akaitwa Sailor, na jike akapewa jina la meli iliyomwokoa. Huko katika ghuba ya Chesapeake wakazaliwa mbwa wa kahawia walio hodari kabisa kwa bata wa wakati wa baridi. Waliokuwa wakiwatumia zaidi ni wawindaji wa kuuza, ambao waliishi kwa kupeleka bata sokoni, na mbwa wao aliogelea tangu alfajiri hata jioni katika maji yenye barafu. Biashara hiyo ilikoma kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1918 iliyowalinda ndege wahamao.

Turudi Uingereza, tutazame sheria za huko, maana pasipo hizo hatutaelewa kwa nini mbwa wa mvuvi aliingia katika nyumba za makabaila. Mwaka 1671 Bunge lilitoa sheria kwamba asiwinde mtu ila mwenye ardhi ya kumpatia paundi 100 kwa mwaka, na fedha hizo siku zile zilikuwa mali nyingi. Mkulima mdogo aliona kwale na sungura wakila mazao yake, wala hakuwa na ruhusa kuwagusa. Hata kuwa na mbwa wa kuwinda alikatazwa, na watumishi wa bwana waliweza kuingia nyumbani mwake na kumchukua mbwa huyo. Sheria ya mwaka 1828 ilizidi kuwa kali juu ya wawindao usiku katika ardhi ya wengine: aliyekamatwa mara ya tatu aliweza kuhukumiwa kupelekwa ng'ambo miaka 7. Mwaka 1831 sheria ya 1671 ikaondolewa, na mtu ye yote aliweza kununua cheti cha kuwinda, lakini ardhi na ruhusa ya kuingia vilibaki mikononi mwa wale wale. Hata sungura, mpangaji wa shamba hakupata haki kamili ya kuwaua katika shamba alilolima mwenyewe mpaka mwaka 1880.

Sheria hiyo ya 1831 ndiyo pia iliyoweka majira. Fezanti, ndege mfano wa kuku wa porini mwenye mkia mrefu, huwindwa tangu tarehe 1 Oktoba hata tarehe 1 Februari. Kwale tangu tarehe 1 Septemba hata siku ile ile ya Februari. Miezi mingine huachwa wataage na kulea. Kwa hiyo kazi kubwa ya mletaji ni kazi ya wakati wa baridi, apende asipende.

Tena bunduki zilibadilika. Zamani Waingereza walitumia gobore, kama babu zetu: kutia baruti, kushindilia, kutia marisau, kushindilia tena, na muda huo wote mbwa alale chini angoje. Mbwa aliyehitajiwa siku zile ni yule wa kuonyesha, aendaye mbele akinusa, na akimpata ndege husimama kimya kama mti, pua imeelekea pale alipo. Mwaka 1851 katika Maonyesho Makuu ya London ilionekana bunduki ya Mfaransa Lefaucheux, inayofunguka kwa nyuma na kutiwa risasi iliyo tayari. Mafundi wa Kiingereza wakaifuata. Sasa mtu aliweza kupiga mara nyingi kwa dakika chache, na makabaila wakaacha kutembea kutafuta ndege. Walisimama safu moja, na watu wa kijiji wakalipwa ujira kidogo kuwafukuza ndege toka msituni wapite juu ya vichwa vyao. Ndege wakaanguka kwa mamia. Mbwa wa kuonyesha hakuwa na kazi tena mahali hapo, bali aliyetakiwa ni yule awezaye kuketi kimya katika kelele zote hizo, kisha kuwatafuta waliojeruhiwa. Ndipo mbwa wa mvuvi alipopanda cheo.

Sasa twafika kwenye mafundisho. Waingereza wa zamani hawakusema "kumfundisha" mbwa, walisema "kumvunja", na neno lenyewe latosha kueleza njia zao. Palikuwa na mjeledi. Palikuwa na ukanda wa shingoni wenye misumari iliyoelekea ndani, mbwa akivuta imchome. Mbwa aliyetafuna ndege alipewa ndege mfu aliyetiwa sindano za kufumia, ili ajichome kinywa na kujuta. Waliofanya hivyo hawakuwa wote watu wakatili, ila waliamini kwamba mbwa ni mkaidi kwa asili, na kwamba ukaidi hautoki pasipo maumivu. Tumesikia maneno kama hayo yakisemwa juu ya viumbe wengine walio karibu nasi kuliko mbwa.

Mwaka 1848 askari mmoja, W. N. Hutchinson, alitoa kitabu kilichopinga mambo hayo. Hata yeye katika jina la kitabu alitumia neno lile la kuvunja, lakini ndani yake alifundisha njia nyingine. Alisema masomo ya kwanza yafundishwe nyumbani, kabla mbwa hajamwona ndege wala kusikia bunduki. Mbwa ajue ishara za mkono na sauti ya filimbi, kila ishara iwe na maana moja tu, wala isibadilike leo na kesho. Mjeledi usiwe kitu cha kila saa, maana mara nyingi kosa huwa la mwalimu aliyeamuru jambo ambalo mwanafunzi hajafundishwa bado. Kitabu hicho kilisomwa miaka mingi. Mjeledi haukuondoka upesi, walakini tangu hapo aliyeutumia alijua kwamba iko njia nyingine.

Njia yenyewe, kama ilivyokuja kufuatwa na walinzi wa mawindo na watu wengine, ni hii. Mtoto wa mbwa huachwa acheze mpaka atimize miezi sita hivi. Kisha hufundishwa kuketi, kungoja, na kuja aitwapo. Somo la kungoja ndilo refu kuliko yote. Mwalimu hutupa mfuko mdogo uliojazwa matambara, au ngozi ya sungura iliyoshonwa, na mbwa huzuiwa asiukimbilie. Katika mitupo kumi, mingi mwalimu huiokota mwenyewe, mbwa ameketi anatazama, mpaka ajue kwamba kila kiangukacho si chake. Akileta, mwalimu hamnyang'anyi, asije akajifunza kubana meno. Hupokea pole pole, na mara nyingi humwacha ashike kidogo huku akimpapasa. Wengine hukimbia kumwacha mbwa nyuma, naye kwa kuogopa kuachwa huleta mbio. Bunduki hulia kwanza mbali, siku nyingine karibu zaidi, hata mlio uwe kwake kama mlango unaofungwa. Na kuogelea hufundishwa wakati wa joto, katika maji yenye ukingo wa mteremko mdogo. Mtu amtupaye mbwa kijana katika maji ya barafu mara ya kwanza amemfundisha somo moja tu, nalo ni kuchukia maji, na somo hilo halisahauliki.

Hivyo majira ya baridi yakifika, mbwa amekwisha pata karibu mwaka mzima wa shule. Sasa hupelekwa shambani, na hapo ndipo waalimu wenye haraka huharibu kazi yao. Twakumbushe wasomaji hali ya nchi ile. Mwezi wa Desemba huko kusini ya Uingereza jua huchomoza yapata saa 2 asubuhi, na saa 10 alasiri limekwisha tua. Katika saa hizo chache ndege hupigwa, na aliyevunjika bawa hukimbia kwa miguu akajificha katika mashimo na vichaka. Asipopatikana kabla ya giza, hufa usiku pole pole kwa jeraha na baridi, au huliwa na mbweha. Jambo hili hasa ndilo la maana katika kazi ya mletaji: kumtafuta aliyejeruhiwa afishwe upesi, asiachwe katika mateso.

Lakini kunusa wakati wa baridi si kazi nyepesi. Katika hali ya unyevu na joto kidogo harufu hukaa chini vizuri. Sakitu ikifunika majani, yaani umande ulioganda kuwa mweupe, na ardhi ikiwa kavu na ngumu kama jiwe, harufu huwa haba. Kwa hiyo mbwa mpya hapewi ndege akimbiaye siku ya kwanza. Hupewa waliokufa, wachache, mahali palipo rahisi, na wengi wa wale walio wazi mwalimu huwaokota kwa mkono wake huku mwanafunzi ameketi. Akiisha kuzoea ndipo hutumwa kumfuata mjeruhi. Hapo huonekana ajabu ya mnyama huyu: hupita juu ya ndege wengine waliolala wafu, pua chini, akifuata njia ya yule mmoja aliyetumwa kwake. Ndege akiletwa, mlinzi humpapasa mbavu kwa vidole. Zikiwa zimevunjika, mbwa ana kinywa kigumu, na kosa hilo ni baya mno kwao. Kazi ikiisha mbwa hukaushwa kwa majani makavu au kitambaa, hulishwa chakula cha moto, hulazwa pasipo upepo. Bwana huenda mezani; mlinzi huanza kwanza na mbwa.

Na huyo mlinzi alikuwa nani? Mara nyingi ni mtoto wa kijiji kile kile, pengine ndugu yake alifungwa kwa kuiba sungura. Yeye ndiye aliyeamka gizani, yeye ndiye aliyejua tabia ya kila mbwa. Lakini katika hati za ukoo wa mbwa zimeandikwa zaidi anwani za mabwana. Lord Malmesbury wa tatu alimpa Duke wa Buccleuch baadhi ya mbwa wake katika miaka ya 1880, na kwa hao, walioitwa Ned na Avon, mbegu ya Labrador ikaimarishwa Scotland. Mwaka 1903 chama cha mbwa cha London, Kennel Club, kilichoundwa mwaka 1873, kikamkubali Labrador kuwa namna ya peke yake.

Mbwa wa rangi ya dhahabu naye ana habari ya kupendeza. Watu wengi waliamini kwamba alitoka Urusi, na kwamba kabaila wa Scotland, Lord Tweedmouth, aliwanunua mbwa wote wa mchezo wa maonyesho katika mji wa Brighton. Hadithi ilikuwa tamu, ikaandikwa katika vitabu. Mwaka 1952 daftari la Tweedmouth mwenyewe lilitangazwa, na ndani yake hamna Mrusi hata mmoja. Alinunua mbwa mmoja wa manjano aitwaye Nous, kweli huko Brighton, mwaka 1865, na yasemekana mwenyewe alikuwa fundi wa viatu aliyempata kwa kulipwa deni. Mwaka 1868 Nous alizaa na jike aitwaye Belle, wa mbwa wa maji wa mto Tweed, na watoto wao wanne wa manjano ndio mwanzo wa ukoo. Fundi wa viatu, basi, mahali pa wachezaji wa Kirusi.

Juu ya mabishano ya fimbo twataja mbwa mmoja tu, Banchory Bolo, Labrador mweusi aliyezaliwa mwaka 1915. Alipita mikononi mwa waalimu waliomkatia tamaa, akawa mwenye hofu na ukali, asiyemwamini mtu. Mwaka 1918 bibi mmoja, Lorna, aliyekuja kuwa Countess Howe, alimchukua kwa sababu alimpenda baba yake. Bibi huyo hakuanza na masomo, alianza na urafiki, kisha akamrudisha darasa la kwanza kabisa kana kwamba hakupata kufundishwa neno. Bolo akawa Labrador wa kwanza kuwa bingwa mara mbili, katika mashindano ya shambani na katika maonyesho ya umbo. Waliomkatia tamaa walikuwa na mbwa yule yule.

Uwindaji wa makabaila ulifika kilele siku ya 18 Desemba 1913, mahali paitwapo Hall Barn. Mfalme George wa tano na wageni wenzake waliua fezanti zaidi ya 3,900 kwa siku moja ya baridi. Yasemekana Mfalme mwenyewe alipokuwa akirudi alikiri kwamba siku ile walipita kiasi. Mwaka uliofuata ilianza Vita Kuu, na vijana wengi waliokuwa wakifukuza ndege au kulinda mawindo walikwenda Ufaransa wasirudi.

Siku hizi mletaji huonekana katika kazi nyingine pia. Wengi wa mbwa wanaowaongoza vipofu barabarani, huko Uingereza na Marekani, ni wa jamaa ya Labrador na ya mbwa wa dhahabu, kwa kuwa uvumilivu ule wa kuketi na kungoja, na utayari wa kupokea amri, vyafaa kazi hiyo pia. Mashambani bado hufundishwa kila mwaka, na kila mwaka majira ya baridi huwapima wao na waalimu wao.

Imebaki kusema yaliyowapata mbwa wa kisiwani. Tangu mwaka 1780 gavana wa Newfoundland, Richard Edwards, alikuwa ameamuru kwamba nyumba moja isiwe na mbwa zaidi ya mmoja. Mwaka 1885 ikatoka sheria ya kuwalinda kondoo, na wilaya zikaruhusiwa kuwatoza kodi wenye mbwa na hata kuwakataza mbwa kabisa. Mvuvi maskini hakuweza kulipa, na watoto wengi wa mbwa, hasa majike, hawakuachwa wakue. Katika miaka ile ile Labrador waliozaliwa kwa damu yao walikuwa wakilala juu ya majani makavu katika mazizi ya makabaila. Mbwa wa St. John's wa mwisho kujulikana walionekana na kupigwa picha yapata mwaka 1980, katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Grand Bruit, ambacho nacho kilihamwa na wenyeji wake wote mwaka 2010. Walikuwa wawili tu, wazee, wenye vifua vyeupe, na wote wawili madume.